Wavu wa Kuku Ulionasa Picha za Angani

Sahani ya kupokelea picha za setilaiti haitegemei ukubwa peke yake. Hutegemea pia usahihi wa mikono inayoielekeza. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1975, kwa chombo kilichokuwa juu ya anga letu la Afrika Mashariki.

Chombo hicho kiliitwa ATS-6, setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 30 Mei 1974. Mwaka uliofuata ilihamishiwa juu ya ikweta, nyuzi 35 mashariki, yaani juu ya Kenya ya magharibi, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kutoka huko ilipeleka vipindi vya kilimo, afya na elimu katika vijiji 2,400 vya India.

Sahani za vijiji hivyo zilikuwa na upana wa mita 3 hivi, nazo zilitengenezwa kwa wavu wa waya kama ule wa banda la kuku. Asiyejua angecheka. Lakini mawimbi ya ATS-6 yalikuwa na urefu wa sentimita 35, na matundu madogo ya wavu hayawezi kuyapitisha. Hugonga, yakarudi, yakakusanyika mbele ya sahani penye antena.

Wakati huohuo, mjini Sheffield, Uingereza, mhandisi Steve Birkill alifanya majaribio yake nyumbani. Mawimbi yale hayakuelekezwa kwake. Yaliyomfikia yalikuwa makombo tu. Hata hivyo, kwa vyombo alivyojiundia, sahani ikitazama kusini-mashariki, nyuzi kama 20 juu ya upeo wa macho, alinasa picha zilizokusudiwa wanakijiji wa India.

Ndugu askari, kazi hiyo si ngeni kwenu. Anayejua dira na ramani anajua nusu yake. Kwanza tafuta upande, kisha mwinuko, halafu hakikisha hakuna mti wala paa linalokinga. Sogeza sahani polepole, kidogo kidogo, kwani ikipotoka kidogo tu picha hugeuka chenga. Sahani ndogo za siku hizi hupokea mawimbi ya sentimita 2.5 hivi, kwa hiyo wavu wa kuku haufai tena. Bati lisilo na bonde ndilo litakiwalo. Tena huku kwetu karibu na ikweta sahani huweza kutazama juu mno ikajaa maji ya mvua. Ipatie tundu la kuyatoa.

Tarehe 31 Julai 1976 muda wa mkopo ulikwisha. ATS-6 ikaondolewa, na vijiji vingi vikabaki bila picha. Lakini ujuzi wa mafundi wa India haukuondoka nayo. Mwaka 1983 nchi hiyo ilipata setilaiti yake yenyewe, INSAT-1B, ikarusha televisheni bila kuomba zamu kwa mtu. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.