Kuuza Ngoma Zetu kwa Mnunuzi wa Mbali: Tovuti Ije Mwisho



Mara kwa mara ofisi ya miradi hupokea andiko la mradi kutoka sharika za Magu lenye wazo linalofanana: vijana wana kikundi cha kutengeneza ngoma na zeze, nao wanaomba kompyuta na fedha za kufungua tovuti ili wauze Ulaya na Marekani. Wazo ni jema. Hata hivyo, karibu kila andiko huanza na tovuti na kuishia na tovuti. Makala haya yanaeleza kwa nini tovuti inapaswa kuja mwisho, na ni mambo gani yanayoitangulia.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja kufungua ukurasa wa mtandao kwa haraka, kabla hatujajipanga. Picha zilikuwa nzuri na oda ya ngoma kumi ikaja. Kikundi kilikuwa na ngoma tatu tu. Saba zilichongwa upesi kwa mti ambao haujakauka vizuri. Zilipofika nchi ya baridi, ndani ya nyumba zinazopashwa moto, mbao zilipasuka. Mnunuzi alidai fedha zake, nasi tukazirudisha. Fundi mzee aliyekuwa ameongoza kazi aliniuliza, "Mwanangu, ngoma zimebaki huko, na hela zimerudi huko. Na siku zangu ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo lililonifundisha haya ninayoyaandika.

HAZINA ILIYO MLANGONI PETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta urithi huu. Pale Bujora, Kisesa, katika wilaya yetu ya Magu, ndugu zetu Wakatoliki wanatunza Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo kuna jengo la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kila mwaka mwezi wa Juni hufanyika Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Ukiacha ngoma, Wasukuma wanao ndono, upinde wa muziki wenye kibuyu. Na ukizunguka Ziwa utakuta litungu la Wakurya, nyatiti ya Wajaluo na enanga ya Wahaya.

Kanisa lina deni hapa. Wamisionari wengi wa kwanza waliona ngoma kuwa mambo ya kipagani wakaizuia kuingia ibadani, ingawa Zaburi ya 150 imejaa majina ya vyombo vya muziki. Leo ngoma imerudi kanisani, lakini mafundi wanaojua kuitengeneza wanazeeka. Kijana hatajifunza kazi isiyomlisha. Hivyo basi, soko si jambo la fedha tu. Bila soko hakuna mwanafunzi, na bila mwanafunzi ufundi unazikwa pamoja na fundi.

Tahadhari moja: tunachouza ni chombo kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Ngoma ya zamani ya ukoo au ya mtemi si bidhaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka nje vitu vya namna hiyo bila kibali.

TUJIFUNZE KUTOKA KWA WALIOTANGULIA

Mfano mkubwa wa vyombo vya Kiafrika kuuzwa duniani ni kalimba. Mwingereza Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alipita Tanganyika akirekodi muziki wa wenyeji, alianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini karakana ya kutengeneza marimba ndogo ya vidole aliyoiita kalimba. Alifanya jambo moja lililobadilisha biashara: kila chombo kilitoka na sauti zilizopangwa kwa kipimo kile kile, hata mtu wa London au Chicago aliweza kupiga pamoja na piano. Mnunuzi alijua anachonunua kabla hajakiona.

Lakini mfano huo una upande wa pili. Leo viwanda vya China vinatengeneza kalimba kwa wingi na kwa bei ndogo, na wanunuzi wengi hawajui kwamba chombo hicho asili yake ni Afrika. Somo kwetu ni kwamba hatuwezi kushindana na kiwanda kwa bei. Tunaweza kushindana kwa yale ambayo kiwanda hakina: mkono wa fundi anayejulikana, mahali panapojulikana, na muziki wenyewe.

Hapa nyumbani, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliifanya ilimba ijulikane Ulaya kwa kuipiga, na albamu zake zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Watu husikia kwanza, ndipo hutamani kununua. Kikundi kinachotengeneza vyombo bila kuwa na mpigaji mzuri kimekosa nusu ya duka lake.

MNUNUZI WA MBALI ANAULIZA NINI?

Mtu anayesimama barabarani Magu hugonga ngoma kwa kidole, huisikiliza, huinusa ngozi, kisha hupatana bei. Mtu wa mbali hawezi. Kwa hiyo ana maswali matatu, na ukurasa wetu unapaswa kuyajibu yote.

La kwanza: ni nani aliyekitengeneza? Weka jina la fundi na picha yake akiwa kazini, kwa idhini yake. Eleza mti uliotumika, ngozi iliyotumika, na jinsi chombo kinavyotumika kwetu.

La pili: kinasikika vipi? Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Tafuteni mahali palipotulia, mbali na upepo wa Ziwa na kelele za bodaboda, mrekodi kwa dakika moja chombo kikipigwa na anayekijua. Andika urefu, upana na uzito. Kwa zeze au litungu, andika nyuzi zimefungwa kwa sauti gani.

La tatu: kitafika salama, na kikipasuka nani analipa? Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Maneno matamu hayajibu swali hili. Linajibiwa na mti mkavu, sanduku imara na ahadi iliyoandikwa.

NGOZI, MTI NA SHERIA

Mti mbichi hupasuka unapokauka. Gogo lililochongwa lazima likae kivulini miezi kadhaa kabla ya kuwambwa ngozi. Maana yake kikundi kinahitaji akiba ya magogo yanayokauka huku mengine yakichongwa. Ombi la fedha za kujenga banda la kukaushia lina maana kuliko ombi la kompyuta.

Ngozi nayo ina sheria zake. Mwaka 2006 mtengenezaji wa ngoma huko New York aliugua kimeta kutokana na ngozi mbichi za wanyama, na mwaka 2008 mwingine alifariki London kwa ugonjwa huo huo. Kwa sababu kama hizo forodha za nchi nyingi huzikagua sana ngozi za wanyama. Tumieni ngozi ya ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa na kukaguliwa, kamwe si ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Kabla ya kuahidi lolote, muoneni afisa mifugo wa wilaya kuhusu cheti cha afya.

Ngozi ya kenge na ya chatu iepukwe kabisa kwa bidhaa ya nje. Wanyama hao wako katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na mzigo usio na kibali unaweza kutaifishwa. Mpingo nao uliingia katika orodha hiyo Januari 2017. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo, lakini magogo na mbao bado zinabanwa.

Sanduku la mbao nalo si jambo dogo. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15 inataka mbao za kufungia mizigo zipashwe joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri. Boksi gumu la karatasi halihitaji hayo, na kwa mzigo mdogo ndilo bora.

BEI: NANI ANAPATA NINI?

Wajumbe wengi hushangaa wakiambiwa gharama ya kusafirisha. Makampuni ya vifurushi vya haraka hayaangalii uzito wa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha wengi wao hugawa kwa 5,000. Kinachozidi kati ya hesabu hiyo na mizani ndicho unacholipia.

Tuchukue mfano. Ngoma ya kilo 6 iko katika boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 50. Ukizidisha unapata 80,000, na ukigawa kwa 5,000 unapata 16. Utalipia kilo 16 kwa ngoma ya kilo 6, maana unasafirisha hewa iliyo ndani yake. Zeze dogo katika boksi la sentimita 70 kwa 20 kwa 20 linahesabiwa kilo 5.6. Hivyo basi, vyombo vidogo vianze, na ngoma kubwa ziuzwe kwanza karibu.

Ushuru nao ubainishwe mapema. Katika karatasi za forodha, ngoma na vyombo vingine vya kupigwa huandikwa chini ya namba 9206, na vyombo vya nyuzi chini ya 9202. Kwa wahisani wetu wa Marekani, kumbukeni kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2025 nchi hiyo ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mnunuzi asishtukizwe na deni mlangoni kwake.

Baada ya hapo ndipo kamati igawe bei mezani, fundi akiwepo: mti na ngozi, siku za fundi, kufunga mzigo, nauli, ada ya kupokea fedha, na akiba ya chombo kitakachovunjika. Akiba hii ndiyo jibu la swali la yule mzee. Fundi alipwe anapokabidhi kazi iliyokaguliwa na kukubaliwa. Hasara ya njiani ibebwe na mfuko wa mradi, isibebwe na mtu mwenye patasi.

SASA UKURASA WENYEWE

Mkishafika hapa, ukurasa ni kazi ya siku chache. Anzeni na vyombo vitano vilivyopo ghalani, msianze na vile mnavyotarajia kutengeneza. Andikeni Kiswahili na Kiingereza. Jibuni kila barua ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "bado hatujui". Kuhusu malipo, ulizeni kwanza benki. Zipo huduma za mtandao zinazomruhusu mtu kulipa akiwa nchi fulani bila kumruhusu kupokea.

Jambo moja halipaswi kusahaulika. Nywila za ukurasa na za barua pepe zisishikwe na kijana mmoja peke yake. Akipata kazi Dar es Salaam, ukurasa unahama naye. Ziandikwe, zitiwe katika bahasha, zifungiwe katika sanduku la usharika, na watu wawili wajue.

KAMATI IFANYE NINI, NA MHISANI AFANYE NINI?

Kamati ianze kuuza hapa hapa. Kwaya zetu, shule zetu, na wageni wanaopita barabara ya Mwanza kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka wote wanapita Magu. Mnunuzi wa karibu atairudisha ngoma mbovu na kukwambia kosa lake usoni. Kikundi kilichouza karibu kwa mwaka mzima bila malalamiko kiko tayari kwa mnunuzi wa mbali.

Nanyi wahisani, tunashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba msinunue kwa huruma. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, akaiweka ngoma pembeni. Nunueni kwa sababu ina sauti nzuri, na ikiwa na kasoro mtuambie waziwazi. Mkitaka kusaidia zaidi, saidieni banda la kukaushia magogo na mfuko wa akiba.

Kikundi chochote kinachotaka kuanza kilete ofisini mambo mawili kabla ya andiko: chombo kimoja kilichokauka vizuri, na karatasi inayoonyesha fundi atapata kiasi gani na lini. Tutakisikiliza chombo, tutaisoma karatasi, kisha tutazungumza habari za tovuti.