Riwaya njema haijiuzi, huuzwa na ndimi za wasomaji

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda methali hiyo ni kweli kuhusu maembe ya sokoni, lakini kuhusu riwaya za Kiswahili ina walakini. Riwaya njema isipopata wa kuizungumzia hufunikwa na vumbi, hata kama wataalamu waliimiminia sifa tele.

Sababu yenyewe haijafichika. Humu nchini, riwaya hupata wanunuzi wengi inapoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari. Muda wake ukiisha, nyingine huchukua nafasi yake na soko hilo kubwa huhama nayo. Kuanzia hapo, uhai wa kitabu humtegemea msomaji wa kawaida ambaye halazimishwi na mwalimu wala mtihani. Akikitaja kwa wenzake, kitaishi. Akinyamaza, basi buriani.

Tutazame Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996. Wanafunzi wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani. Hata hivyo, wangali wapo watu wazima wanaomsimulia Kongowea Mswahili, kijana aliyetoka Tanga kumsaka babake hadi Kitale, kana kwamba walisafiri naye. Walibora alipofariki Aprili 2020, aliombolezwa pia na watu ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Riwaya ndiyo iliyowajulisha kwake.

Mfano mwingine ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka wa 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kueleza waziwazi masaibu ya msichana aliyelelewa kwa ukali kupita kiasi. Marufuku hayo hayakuizika. Iliendelea kuzungumziwa, na baadaye ikaja kufundishwa shuleni.

Miaka mingi ya kuwapendekezea watu vitabu imenifunza mambo matatu ambayo yaweza kumfaa yeyote apendaye kusoma.

Kwanza, mjue unayempa kitabu. Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka wa 1990, ni fupi mno, lakini imejaa falsafa na mafumbo. Ukimpa asiyezoea kusoma, huenda akaapa kutogusa tena riwaya ya Kiswahili. Mtu huyo mpe kwanza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka wa 1999. Kisa cha Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee katika Zanzibar ya enzi za ukoloni, humvuta msomaji tangu mwanzo. Kisa hicho kilitengenezewa filamu iliyozinduliwa mwaka wa 2021, nayo ni njia nyingine ya kumfikisha mtu kwenye kitabu.

Pili, usimsimulie mwenzako kisa chote. Anayefanya hivyo humpokonya utamu aliotaka kumpa. Mwambie kitabu kinahusu nini na kilikufanya uwaze nini, kisha umwachie njia. Kwa mfano, ukitaja Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka wa 1951, inatosha kusema kuwa ni nchi iliyo angani ambako mtu hushtakiwa kwa kutaka kuwafunza wenzake sheria. Atakayesikia hayo na kukumbuka kuwa iliandikwa chini ya utawala wa Mwingereza, atataka kujua mwenyewe hukumu ilikuwaje.

Tatu, sema ukweli. Kitabu kikiwa na sura zinazochosha, zitaje. Msomaji aliyeonywa huvumilia, ilhali aliyedanganywa hatakuamini tena, na kitabu kizuri utakachokitaja kesho kitaponzwa na sifa za uongo za leo.

Kuna wanaodai kuwa Wakenya hawasomi ila kwa mtihani. Lakini atakayepita kwenye vitabu vikuukuu vinavyotandazwa kando ya barabara jijini Nairobi atawaona watu wakiinama kupekua kurasa, mtihani wao ukiwa umepita zamani. Wasomaji wapo. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwaambia kuwa hiki ndicho, kichukue.

Je, mpenzi msomaji, ni riwaya gani ya Kiswahili iliyokukosesha usingizi? Iteremshe rafuni, uifute vumbi, kisha umkabidhi jirani yako na kumpa tarehe ya kuirudisha.