Mkebe wa bob 4,800 au kapu la soko la Sotik?

Bonasi ya majani chai ikishaingia, Sotik hupata wageni wengi. Kuna wauza magodoro, wauza taa za sola, wauza viatu vya shule. Na siku hizi wako wale wanaokuja na kompyuta ndogo na fimbo ya chuma. Wanakaa na meza kando ya barabara, au wanaalikwa kwenye chama cha kina mama. Unashika ile fimbo kama dakika moja hivi, kompyuta inachora rangi rangi, halafu unapewa karatasi: ini limechoka, damu ina sumu, kalsiamu imeshuka, vitamini karibu zimeisha. Na kwa bahati nzuri dawa yake iko pale pale mezani, ndani ya mkebe. Kijiko kimoja kila asubuhi, na kila kitu kimo.

Senge yangu alishika hiyo fimbo mwaka jana. (Kwa wasio Wakipsigis: senge ni dada ya baba, na akikuita, unaenda.) Aliniita Desemba, na hakuniita kwa sababu ya ugonjwa. Alinipa simu akaniambia, "Kijana wangu, hebu niangalizie. Hii bonasi imeenda wapi?"

Nikafungua taarifa ya miamala. Shilingi 4,800, mara tatu, zote kwa namba ya mtu binafsi. Mara ya tatu salio halikutosha, kwa hivyo mkopo mdogo wa simu ndio ulimalizia, na ada yake ikaendelea kukatwa kila alipopokea pesa ya maziwa. Jumla ni 14,400, kabla ya kuhesabu ada. Senge alikuwa anakumbuka mkebe mmoja tu.

Hapa kwa kawaida tunaandika kuhusu PIN, matapeli na namna ya kurudisha pesa iliyopotea njia. Lakini swali la senge lilikuwa la pesa kabla ya kuwa la afya: je, mkebe ulikuwa unafaa bei yake?

Kijiko kimoja kina nini?

Tulikaa jikoni tukasoma mkebe pamoja. Gramu 300, za kutumia siku 30. Hiyo ni gramu 10 kwa siku. Mbele kumeandikwa kwamba ndani mna matunda, mboga na mitishamba aina 70. Sasa gawa gramu 10 kwa 70. Kila kimoja kinapata kama sehemu moja ya saba ya gramu, kiasi kidogo kuliko chumvi unayochukua kwa vidole viwili. Nyuma, sehemu ya viungo, vitu vingi vimewekwa pamoja chini ya jina "mchanganyiko maalum", bila kusema kila kimoja kina uzito gani. Ukinunua mbolea ya chai yenye maelezo kama hayo utairudisha dukani.

Tuseme ukweli lakini. Vitamini zilizoongezwa kiwandani ni vitamini kweli. Vitamini C ya kiwandani na ya chungwa ni kitu kile kile. Kwa hivyo mkebe si lazima uwe maji ya mtoni yenye rangi. Shida ni kwamba gramu 10 haziwezi kukupa protini ya kutosha, haziwezi kukupa nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, na haziwezi kukupa nguvu ya kuchuma chai kutoka asubuhi hadi saa nane. Hivyo vyote vinataka chakula chenye uzito.

Na usitishwe na maneno "imetoka ng'ambo". Marekani wenyewe wana mikebe yao, na wa jina kubwa zaidi, AG1, umekuwa ukiuzwa kama dola 79 kwa mwezi kwa mteja anayelipia kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya bob 10,000 zetu. Tangu sheria yao ya 1994, bidhaa kama hizi huingia sokoni bila serikali kuthibitisha kwanza kwamba zinafanya kazi. Mwaka 2024 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya watu wazima karibu 390,000 wenye afya nzuri, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Waliomeza vidonge vya vitamini mchanganyiko kila siku hawakuishi zaidi ya wasiomeza. Finland nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wavuta sigara walipewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini. Waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Karoti yenyewe haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Bob 160 sokoni

Ukigawa 4,800 kwa siku 30 unapata bob 160 kwa siku. Nilimwambia senge twende nazo sokoni tuone.

Tulinunua mayai mawili, bob 30. Fungu la managu, bob 30. Robo kilo ya maharagwe, bob 35. Nusu lita ya maziwa, bob 30, ingawa senge alinicheka maana yeye ana ng'ombe. Parachichi mbili kubwa, bob 20. Zikabaki bob 15, tukachukua chungwa. Bei hupanda na kushuka, kiangazi managu inaweza kuwa mara mbili, lakini umeona kapu lilivyojaa. Hicho si kijiko. Kinalisha senge na mjukuu wake chakula cha mchana, na bado usiku kuna maharagwe.

Managu na saga, ile tunayoita isagek, zina madini ya chuma, kalsiamu, na ile karotini ya vitamini A. Mwili huchukua hiyo karotini vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo ndani ya chakula. Kwa hivyo nyanya zetu waliopika mboga kwa maziwa na malai hawakuwa wanatafuta ladha peke yake. Kitu kimoja tu ambacho ningewaomba wabadilishe ni ile kuchemsha mboga mpaka ikubali kushindwa, halafu unamwaga maji. Vitamini C nyingi huenda na hayo maji na huo moto.

Chai yetu yenyewe

Hili linahusu Sotik kuliko kwingine, na ndilo watu hawapendi kusikia. Chai ina tanini, ile inayofanya ulimi ukakamae ukinywa ya rangi. Tanini hushika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, maharagwe na hata vidonge, yakapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Ukila managu yako na kikombe cha chai mkononi, umelipia chuma ambacho hukipati. Senge alikuwa anakoroga unga wa mkebe ndani ya chai ya maziwa.

Hakuna haja ya kuacha chai, nani atakusikiliza huku? Acha ipite kama saa moja baada ya chakula ndio unywe. Na lile chungwa la bob 15 lile pamoja na mboga, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia.

Virutubisho ambavyo tayari unavyo

Kuna nyongeza za vitamini ambazo zinafaa kabisa, na nyingi ni za bure au umeshazilipia bila kujua. Kuanzia 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Mafuta ya kupikia huongezwa vitamini A. Chumvi huongezwa aidini, ambayo ndiyo imetupunguzia uvimbe wa shingo huku milimani. Ila unga unaosaga kwa posho mill hauna nyongeza hiyo. Kama nyumba yako hula wa posho mill mwaka mzima, basi mboga na maharagwe ndio wana kazi zaidi.

Mama mjamzito hupewa vidonge vya chuma na foliki kliniki bila malipo. Hivyo asikose, na asimeze na chai. Mtoto kati ya miezi sita na miaka mitano hupewa vitamini A mara mbili kwa mwaka. Na mtoto aliyekonda vibaya hupewa hospitalini ile pakiti ya njugu, unga wa maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Hicho ndicho "kila kitu ndani" kinachofanya kazi kweli: pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na imeokoa watoto wengi tangu ilipobuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Lakini hupewa kwa wiki kadhaa, baada ya mtoto kupimwa, na hakuna anayeiuza kwa meza ya barabarani kwa haki.

Kitu fimbo haikuona

Nilikuwa bado sijamuuliza senge kwa nini alishika fimbo. Alisema miguu inakufa ganzi usiku, na anachoka. Senge ana sukari, anatumia metformini miaka tisa sasa. Halafu akaongeza, polepole, kwamba muuzaji alimwambia apunguze dawa ya hospitali "ili mkebe ufanye kazi vizuri". Alikuwa anameza nusu tangu Oktoba.

Hapo hesabu ya 14,400 ilionekana ndogo.

Tulienda hospitali Jumatatu. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari alimrudisha kwenye dozi yake, akatoa damu, na akaeleza kitu ambacho karatasi ya rangi haikuwa nacho: metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na B12 ikipungua, miguu hufa ganzi na mwili huchoka. Majibu yalionyesha ya senge imeshuka. Akaandikiwa B12 peke yake, kwa kiwango kikubwa kuliko kile kilichoandikwa kwenye mkebe. Haikufika bob 1,000.

Kwa hivyo senge alihitaji kirutubisho kweli. Kimoja, kilichopimwa kwa damu. Fimbo ya chuma haitoi hata tone la damu, na haiwezi kujua B12 ya mtu.

Kabla ya kuweka PIN

Mtu akikuuzia mkebe, mwombe alipwe kwa namba ya biashara na akupe risiti. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka linaitwa hivi na jina ni la mtu mwingine kabisa, simama hapo. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Ukishatuma kwa mtu uliyemkusudia, halafu ukajuta, sisi hatuna nguvu ya kumnyang'anya.

Angalia alama ya KEBS kwenye mkebe na namba ya kibali chini yake. Andika SM# kisha hiyo namba, tuma kwenda 20023, utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Na bidhaa ikidai kutibu sukari, presha au saratani, hiyo inajiita dawa, na dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize muuzaji namba ya usajili. Mtu yeyote akikwambia uache au upunguze dawa ya hospitali, usimlipe hata shilingi, na mwambie daktari wako siku hiyo hiyo.

Usinunue mkebe kwa mkopo wa simu. Mkopo ule unafaa mtoto akiugua usiku na salio limepungua nauli. Na kila mwisho wa mwezi fungua taarifa ya miamala, tafuta kiasi kinachojirudia. Kama hujui kusoma, mpe mtu wa nyumbani unayemwamini akusomee, ila PIN weka mwenyewe.

Januari muuzaji alimpigia senge kumwambia mkebe wa nne uko tayari. Senge akamwambia sawa, nitumie namba ya biashara na ya usajili, nilipe. Akasema ameziacha Kericho, atazileta. Mpaka majani ya Machi yanachumwa alikuwa hajarudi.