Fahamu: Maelezo yanayowasha skrini ya laptopu

Ni nini?
Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa za ARM, kiini cha Linux husoma faili ya maelezo ya maunzi: umeme wa paneli unatoka wapi, pini ipi inaiwasha, taa ya nyuma inadhibitiwa vipi. Pini moja ikikosewa, kibodi inaitika lakini skrini ni giza totoro, na paneli nzima huenda ikabadilishwa bure.

Kwani paneli haijitambulishi?
Paneli ya eDP (kiunganishi cha skrini za laptopu) hujieleza, naam, ila sharti ipate umeme kwanza, na njia ya umeme huo imo kwenye faili. Laptopu za Intel kwa kawaida huyapata hayo kutoka kwenye firmware yake. Kwa waunganishaji kama wa Juja, Kenya, ambako chuo kikuu cha JKUAT kiliunganisha vifaa vya kidijitali vya shule pamoja na kampuni ya Positivo BGH, kukaza skrubu hakungetosha kwa laptopu ya ARM: paneli ikiadimika, ya aina nyingine huenda ikadai faili ihaririwe.