Selimundu na Uthabiti wa Jeni
Istilahi selimundu, iliyoundwa kwa kuunganisha seli na mundu, hutaja umbo la chembe nyekundu za damu; haielezi kwa nini jeni yake haitoweki. Mwaka 1908 Hardy na Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba katika jamii kubwa urithi pekee haubadilishi uwiano wa jeni: nakala 10 katika kila 100 zitabaki 10 kizazi kifuatacho. Hata hivyo, pasipo tiba, watoto wengi waliorithi nakala mbili hufa wadogo. Uwiano ungepaswa kushuka. Mwaka 1954 Allison, aliyekulia Kenya, alidhihirisha sababu: mwenye nakala moja hukingika dhidi ya malaria kali. Huyo ni mbebaji. Kumwita mgonjwa ni kuifuta tofauti ileile iliyoihifadhi jeni.