Fahamu: Limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi inayoanza bila maumivu

Uvimbe unaouma humpeleka mtu hospitali mapema. Wa limfoma ya Hodgkin kwa kawaida hauumi, na hapo ndipo penye hatari. Tezi ya shingoni, juu ya mtulinga au kwapani huvimba taratibu. Ukiibonyeza, ni kama mpira. Wengine hupata homa, hukonda, na usiku hutoka jasho la kulowesha shuka.

Dalili hizo hufanana mno na za kifua kikuu cha tezi, ndiyo maana katika nchi zetu wapo wanaomeza dawa za TB kwa miezi huku saratani ikisambaa. Tezi isiponywea, mwombe daktari achukue kinyama, ikiwezekana tezi nzima, kipimwe maabara. Sindano nyembamba pekee mara nyingi haitoshi: seli zenye saratani, ziitwazo Reed-Sternberg, ni chache sana ndani ya uvimbe, zimezungukwa na umati wa seli za kinga.

Thomas Hodgkin alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1832, haukuwa na tiba. Leo tibakemikali, wakati mwingine pamoja na mionzi, huponya wagonjwa wengi, hata baadhi ya waliochelewa.