Upepo, Mianzi na Shungi la Nywele: Ishara za Kuonekana katika Pambano la Filamu Seppuku

1. Utangulizi

Ishara katika filamu hutenda kazi kama jazanda katika ushairi: kitu kinachoonekana hubeba maana ambayo hakuna mhusika anayeitamka. Mfano bora ni pambano la panga lililomo katika filamu ya Kijapani Seppuku, yaani kujipasua tumbo. Filamu hiyo ya rangi nyeusi na nyeupe iliongozwa na Kobayashi Masaki mwaka 1962 kutokana na mswada wa Hashimoto Shinobu, nayo ilitunukiwa tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1963. Mtazamaji wa kawaida hujiuliza nani atashinda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lililo zito zaidi ni jingine: ni kitu gani hasa kinachoshindwa?

2. Kisa kwa ufupi

Kisa kinatukia mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mwaka 1630. Vita vikubwa vimekwisha, mabwana kadhaa wamenyang'anywa himaya zao, na samurai wao wamebaki maronini, yaani askari wasio na bwana wala riziki. Baadhi yao hubisha hodi kwenye malango ya wakubwa wakiomba uwanja wa kujiua kwa heshima, huku wakitumaini kupewa kazi au fedha kidogo. Kijana mmoja, Chijiiwa Motome, anafika hivyo kwenye nyumba ya ukoo wa Ii. Panga zake za chuma amekwisha kuziuza kwa sababu ya dhiki ya mke na mtoto. Alani mwake mna mianzi tu. Wakubwa wa nyumba hiyo, wakitaka kuwatisha maronini wengine, wanamlazimisha ajipasue kwa mwanzi huohuo.

Baba mkwe wake, Tsugumo Hanshiro, anawatafuta watu watatu waliohusika na ukatili ule. Wawili anawashinda upesi. Wa tatu, Omodaka Hikokuro, bingwa wa upanga, anamfuata yeye mwenyewe na kumwita kwenye pambano.

3. Njia iendayo uwanjani

Kabla ya panga kuchomolewa, wapinzani hao wanatembea. Wanapita makaburini, wanapita katika msitu wa mianzi, kisha wanatokea kwenye nyika yenye nyasi ndefu na upepo mkali. Njia hiyo si pambo. Makaburi yanawakumbusha watazamaji wale waliokwisha kufa, kwani Motome, mkewe na mtoto wao wote wametoweka. Mianzi inarudisha machoni silaha ile ya aibu, lakini sasa imesimama hai, mirefu kuliko watu wanaopita chini yake. Hivyo Hikokuro anapitishwa mbele ya mashahidi wawili, mauti na mwanzi, kabla ya kufikia hukumu yake.

Nyikani mambo yanabadilika. Ua wa nyumba ya Ii, ambamo Hanshiro anasimulia habari hizi, ni mahali pa mistari iliyonyooka: kuta, nguzo, mchanga uliosawazishwa, watu walioketi kwa safu. Hapa hakuna mstari ulionyooka. Nyasi zinalala na kuinuka, nguo zinapeperuka, mawingu yanatanda. Upepo hauheshimu cheo, wala haujui sheria ya nyumba. Kwa kuwaondoa watu hao uani na kuwaweka nyikani, mwongozaji anaiondolea heshima kuta zake ili ipimwe ikiwa tupu.

4. Mikao miwili

Miili nayo inasema. Hikokuro anasimama wima, kwa mkao safi wa mtu aliyefunzwa vyema. Hanshiro anajishusha, miguu ameitanua, kama mtu aliyezoea ardhi isiyo tambarare. Mmoja ni mwanafunzi wa ukumbi, mwingine ni mzee wa vita. Katika masimulizi yake Hanshiro anafananisha ufundi wa upanga usioonja vita na kuogelea kulikofunzwa nchi kavu. Picha ya mikao hiyo imekwisha kusema vivyo hivyo bila neno hata moja.

5. Upanga uliovunjika na shungi lililokatwa

Mwisho wa pambano, upanga wa Hikokuro unavunjika. Aliyemdharau kijana kwa kubeba mwanzi amebaki na kipande cha chuma kisichomfaa kitu. Hata hivyo Hanshiro hamwui: anamkata shungi la nywele. Kwa samurai, shungi lilikuwa alama ya daraja lake, na kulipoteza kwa upanga wa adui ilikuwa fedheha iliyodai kifo. Wale wenzake wawili, badala ya kufa, wanajificha majumbani wakisingizia ugonjwa hadi nywele ziote tena. Basi sheria waliyomtwisha maskini hawakuiweza wenyewe. Kilichoshindwa nyikani, kwa hiyo, si mkono wa Hikokuro pekee, bali madai ya nyumba nzima kwamba alama na ukweli ni kitu kimoja.

6. Hitimisho

Maana hiyo inakamilishwa na deraya ya mababu wa ukoo, iliyowekwa nyumbani humo kama kitu kitakatifu. Ndani yake hamna mtu. Katika mapigano ya mwisho Hanshiro anaiinua na kuibwaga; baadaye inarudishwa mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea. Kitabu cha kumbukumbu cha nyumba nacho kinaandika kwamba waliouawa na Hanshiro walikufa kwa maradhi. Lakini wakati uwanja unasafishwa, mtumishi anaokota shungi moja lililosahaulika na kulitia ndooni. Maandishi yamedanganya, na picha imeshuhudia. Ndiyo sababu anayeisoma filamu hii hana budi kusikiliza maneno yake kwa hadhari, na kuviangalia kwa makini zaidi vitu vyake vidogo.